Chupa ya Akiba: Risala ya Kikundi cha Jipange

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Msimamizi wa Bohari ya Dawa, mganga mkuu wa kituo chetu cha afya, wauguzi wetu, majirani, na ninyi watoto mliokaa sakafuni kwa kuwa viti tumewaachia wakubwa: shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Kukukaribisha

Mgeni rasmi, karibu sana. Umefika kwa wakati, na hilo limetuponza. Tulikuwa tumepanga kufagia ukumbi ndani ya ile saa moja ambayo wageni rasmi huchelewa. Kwa hiyo vumbi lililo kwenye viatu vyako ni la kwetu, tunaliombea radhi. Lakini mtu anayeheshimu saa ndiye tuliyekuwa tunamhitaji, kwa sababu ugonjwa wetu nao unakwenda kwa saa.

Sisi ni kaya thelathini na moja, na katika kila kaya yupo angalau mmoja mwenye kisukari. Tuna waashi, wauza mboga, walimu, mafundi, na kinyozi mmoja ambaye ndiye katibu, na ndiye aliyepewa kazi ya kusoma haya. Mwenyekiti alimwambia asome kwa sauti ya kiofisi. Amejaribu nyumbani mbele ya kioo, akashindwa, kwa hiyo tutasema kama tunavyosema kila siku.

Tulikotoka

Kikundi kilianzia kwenye benchi la nje la kliniki, pale tunapongoja kupimwa tukiwa hatujala kitu. Njaa ya asubuhi inafungua midomo. Mwaka ule mvua ilikata barabara siku kumi na mbili, dawa zikakwama upande wa pili, na mwenzetu seremala akafariki. Dawa ilikuwepo nchini. Nyumbani kwake ndiko hakukuwa nayo.

Tulipotoka kuzika, mjane wake alitutazama mmoja mmoja akasema, "Jipangeni jamani. Sisi hatukujipanga." Hatukutafuta jina lingine.

Tuliyoyafanya

Mgeni rasmi, kujipanga si utajiri. Kila Jumamosi kaya huketi na kupanga vyakula vya wiki nzima, kisha tunanunua maharage na nafaka kwa pamoja, gunia kwa gunia, tukagawana kwa ndoo. Mboga za majani tunaotesha kwenye viroba vilivyotoboka, nyuma ya nyumba na hata juu ya paa la choo cha mwenyekiti, ambacho sasa kinapendeza kuliko nyumba yake. Hatupiki vyungu viwili, cha mgonjwa na cha wazima. Mgonjwa akila peke yake anaiba, hilo tumejifunza. Nyumba nzima inakula chakula kimoja, nusu ya sahani ikiwa mboga, na wazima nao wameanza kuvaa suruali walizozisahau.

Kila nyumba ina mkoba unaoning'inia mlangoni. Ndani mna dawa, kipimo, kadi yenye maelekezo kwa maandishi makubwa, maji, na pakiti ndogo ya sukari. Watoto huuliza, mgonjwa wa sukari anabebeshwaje sukari? Tunawajibu kuwa ikishuka ghafla ndiyo inayomwinua. Jibu hilo wanalijua wote sasa, na kuna mmoja aliyemwokoa mwalimu wake nalo darasani.

Kwa wanaotumia insulini, ambao hatuna majokofu ya kuwapa, tulitengeneza chungu ndani ya chungu. Katikati mna mchanga, unaumwagia maji asubuhi na jioni, juu unafunika kwa kitambaa kilichoroa. Mle dawa inakaa baridi hata bati la paa likiwa haligusiki.

Tukajiwekea na sheria: kila nyumba iwe na akiba ya dawa ya siku kumi na nne. Kila miezi miwili kamati inapita kukagua, na anayeongoza anapewa zawadi.

Kosa letu

Hapa, mgeni rasmi, risala nyingi huandika "changamoto". Sisi tumeandika kosa, kwa sababu ni letu.

Yupo mwenzetu tunayemwita Fundi Kola. Ni mama mshonaji, na hakuna anayekaza kola ya shati kama yeye. Analea binti yake peke yake, binti wa miaka kumi na minne, na wote wawili wanachoma insulini ya aina moja. Ametupa ruhusa tuyaseme haya. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Msiniandike nalia, maana sikulia." Basi hakulia. Tuliolia ni sisi.

Kituo hutoa chupa moja kwa mtu kwa mwezi, na chupa ni ya mwezi kwelikweli, haina tone la ziada. Dukani bei yake haishikiki. Sasa siku tulipopitisha sheria ya siku kumi na nne, sote tulinyoosha mikono, na Fundi Kola alinyoosha wa kwake. Alirudi nyumbani akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Akiba itoke wapi? Aliikata hesabu kama anavyokata kitambaa kisichotosha: sehemu moja ikipungua, nyingine itatimia. Akaona mtoto ndiyo kwanza anaanza maisha. Yeye ameshavaa, ameshacheza, ameshapendwa.

Akaanza kuchoma nusu. Alikuwa akivuta dawa huku ameupa mlango mgongo, ili binti asione mistari ya bomba la sindano. Chupa ya mwezi mmoja ikawa ya miezi miwili, na ile isiyofunguliwa akaiweka kwenye chungu.

Mwili ulimwambia mapema. Kiu haikukatika. Uzi ulianza kuonekana kama nyuzi mbili, naye akawa anautunga ule wa kushoto. Wateja walipouliza alisema ni macho ya uzee, na wala hajafika hamsini. Sisi nasi tulimtania kuwa ajitafutie miwani kabla hajatushonea mikono mitatu.

Mwezi wa nane tangu tupitishe sheria, kamati ilipita. Mwenyekiti alitia mkono kwenye chungu cha Fundi Kola akatoa chupa nne zenye vifuniko vyake, nne, mgeni rasmi, mahali ambapo nyumba nyingine ilikuwa na moja ama haina kabisa. Tulipiga makofi mpaka majirani wakaja wakidhani kuna posa. Tukampa beseni jipya. Mwenyekiti akawaambia wengine, "Igeni mfano huu!" Fundi Kola alicheka pamoja nasi, kisha akakaa haraka kwenye kiti. Tulidhani anaona haya.

Wiki tatu baadaye sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikamwingia chini ya mguu, asikisikie, maana miguu ilishakufa ganzi. Aliendelea kukanyaga cherehani siku nne. Binti ndiye aliyeona soksi imelowa. Hospitali waliondoa vidole viwili.

Muuguzi alipomuuliza kipimo anachochoma, alisema. Hakuwa na nguvu tena za kuficha. Mwenyekiti alisimama pale kitandani na kofia mkononi.

"Fundi, kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie lini, mwenyekiti? Mlikuwa mnapiga makofi."

Tulikuwa tumekagua chungu. Mtu mwenyewe hatukumkagua. Katika wajumbe watano wa kamati, wote wenye akili zao, hakuna aliyeuliza swali jepesi: nyumba inayopewa mbili kwa mwezi na kutumia mbili kwa mwezi imezitoa wapi nne? Tuliitaka akiba hata tukasahau kuwa akiba hutoka mahali.

Shida iliyopo sasa

Fundi Kola aliporudi nyumbani, gari la bohari lilikuja likaleta vidonge, insulini halikuleta. Likaja tena, vilevile. Leo ni wiki ya saba kituo hakina hata chupa moja. Wanaochoma kwetu ni wanne. Wawili wana ndugu mji mwingine wanaowahangaikia. Fundi Kola na binti yake hawana mtu huko, wamekuwa wakiishi kwa zile chupa nne.

Tazama jambo hilo lilivyo gumu. Tunamlaumu kwa kujipunja, na bila kujipunja huko leo binti yake asingekuwa amekaa pale mstari wa pili. Tumelijadili mikutano mitatu, na hatujapata la kumwambia mama huyu zaidi ya pole na ahsante.

Na halijaishia hapo. Wiki tatu zilizopita katibu alipita kwao kuangalia jeraha. Akamwona binti anakunywa maji kikombe juu ya kikombe, midomo imekauka, ameegemea ukuta wakati wenzake wanaruka kamba nje. Akamwomba chupa yake. Ilipaswa kuwa imekwisha tangu wiki iliyotangulia. Ilikuwa bado na dawa.

"Unachoma ngapi, mwanangu?"

Binti aliweka kikombe chini.

"Baba Kinyozi, usimwambie mama."

"Unachoma ngapi?"

"Nusu. Na yeye si alifanya hivyohivyo? Nataka zimfikie na yeye."

Mama alikuwa mlangoni, amesimama na mkongojo, amesikia yote. Sharti lake tumeliheshimu mpaka hapa, hatutalivunja sasa. Tutasema tu kwamba aliuachia mkongojo ukaanguka, akamwendea mwanawe kwa mguu ule ule mbovu. Binti alipelekwa kituoni siku hiyohiyo, akawahiwa.

Mgeni rasmi, watu wawili ndani ya chumba kimoja wanapendana kiasi cha kuuana polepole. Kikundi hakina sheria ya kuzuia hilo.

Tunachokuomba

Tunajua bohari si mfuko wako. Tunajua nawe una wa kukuuliza. Tumejifunza kuwa na haya ya kuomba, basi leo tumeiacha nyumbani.

Kwanza, kila anayechoma insulini apewe chupa mbili siku anayoandikishwa: moja ya kutumia, moja ya akiba. Baada ya hapo mwendo uwe uleule wa moja kwa mwezi. Kamati itakagua tarehe na kuhakikisha ya zamani inatumika kwanza. Ni chupa moja tu ya ziada kwa mtu, mara moja tu. Sisi kwa hapa ni chupa nne. Akiba itoke ghalani, isitoke mwilini mwa mtu.

Pili, gari likiwa linakuja bila insulini, mganga wetu aambiwe kabla halijaondoka huko. Habari mbaya ikiwahi tunaweza kuipangia. Ni kazi tunayoiweza.

Sisi kwa upande wetu tumeshabadilisha ukaguzi. Kamati ikiingia ndani, mtu hupimwa sukari kwanza, chungu baadaye. Zawadi tumeifuta.

La tatu halikuwepo tulipoandika risala hii juzi, tumeliongeza kwa kalamu asubuhi ya leo. Mama na binti sasa hawaruhusiwi kujichoma wenyewe, na amri hiyo wamejiwekea wao, si kikundi. Mama anamchoma binti, binti anamchoma mama, mezani, mlango wazi, ili asiwepo wa kupunguza. Katibu alikuwepo leo asubuhi. Binti alivuta dawa, mama akasema, "Jaza." Binti akasema, "Nimejaza." Mama akasema, "Nioneshe." Akaoneshwa mstari, ndipo akatoa mkono. Kisha wakabadilishana, na binti naye akasema, "Nioneshe."

Kipimo kamili, mgeni rasmi, wote wawili, kila siku. Kwa hiyo dawa inakwisha upesi kuliko walipokuwa wanadanganyana. Tumeipima chupa ya mwisho mbele ya muuguzi. Inafika Jumanne.

Kukuaga

Tunakushukuru kwa kukaa na kusikiliza bila kutazama simu, tumekuona. Mwenyezi Mungu akulinde safarini, awajalie wa nyumbani kwako afya, na asikufikishe kamwe mahali pa kuchagua nani apate nusu. Ghala lako lisikauke, na gari lako likute barabara kavu.

Leo ni Alhamisi.

Ni sisi,
Kikundi cha Jipange, kaya thelathini na moja,
kwa kinywa cha katibu wao, kinyozi.