Mama Kendi: Miaka Thelathini na Moja ya Kunyoosha Magurudumu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Nelius Gatakaa anastaafu baada ya kufanya kazi miaka thelathini na moja katika Karakana ya Baiskeli ya Pedali Mbili, tawi la Meru. Najua wengi wenu mnajiuliza huyo Nelius ni nani. Kwetu ni Mama Kendi. Mimi Bundi, mtunza stoo, ambaye nimemkabidhi spoki na nati kwa miaka kumi na tisa, nimeombwa niandike machache kumhusu. Mwenyewe ameniagiza mambo mawili: nisitaje umri wake, na nisimsifu kupita kiasi. La kwanza nitalitii.

Alifika hapa mwaka wa 1994 akitokea Kianjai, akisukuma blakimamba ya babake, ile baiskeli nzito ya chuma iliyokuwa ikibeba viazi, watoto na wakati mwingine mbuzi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda vibaya. Fundi wa zamu alianza kukaza spoki, naye msichana akasimama kando akitazama, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Unakaza upande usiofaa," akamwambia.

Fundi akamtupia spana. "Basi kaza wewe."

Akakaza. Jumatatu iliyofuata alikuwa ndani ya aproni yetu. Kwa miaka mitano ya kwanza wateja walikuwa wakiingia, wanamwangalia, kisha wanamuuliza fundi yuko wapi, naye huku ameshika spana mkononi. Jibu lake lilikuwa moja: "Ameenda chai. Lete nikushikie."

Baiskeli zimebadilika, naye amebadilika nazo. Baada ya blakimamba zilikuja baiskeli za bodaboda zenye viti vya sponji nyuma. Pikipiki zilipozifukuza barabarani, tulidhani tutafunga mlango. Lakini wanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru wakaanza kutaka baiskeli za gia, na baada yao wakaja hawa waendeshaji wa mashindano wenye kaptura za kubana na miwani ya rangi. Kila aina mpya ilipoingia, Mama Kendi alibeba moja nyumbani, akaifungua yote sebuleni, na kuirudisha asubuhi imeunganika. Kendi, bintiye, anasema alijifunza kuhesabu kwa gololi za ekseli.

Kuna jambo moja ambalo Mama Kendi hulisimulia mwenyewe kwa kila fundi mgeni, kwa hiyo si siri. Mwaka wa 1999 mchuuzi mmoja wa maziwa alileta baiskeli ambayo foki yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa na ufa mdogo. Mama Kendi aliuona. Yule bwana alikuwa na haraka, maziwa yalikuwa yanangoja, naye Mama Kendi akamwacha aende nayo, airudishe kesho. Kesho yake yule bwana hakurudi. Foki ilikatika mteremkoni, naye akavunjika mtulinga na meno mawili. Mama Kendi alimtembelea hospitalini kila jioni kwa wiki tatu. Yule bwana alimsamehe siku ya kwanza. Yeye mwenyewe, hadi leo, bado.

Sasa nije kwenye siku za Ijumaa, maana huwezi kumwandika Mama Kendi ukaziacha. Ijumaa jioni waendesha baiskeli hukusanyika mbele ya karakana, chai inamiminwa, na mabishano yanaanza. Vigogo ni wawili. Mwalimu Munyi, anayefundisha fizikia, husoma kila habari ya fremu mpya za kukata upepo: zile zenye mabomba bapa kama ubawa, nyaya zilizofichwa ndani, na magurudumu yenye kingo pana. Mpinzani wake ni Mutegi, mfanyabiashara wa ndengu kutoka pande za Mbeere, ambaye fremu yake ni ya mabomba ya mviringo na ina umri wa kwenda sekondari.

"Upepo ndio adui," Munyi husema. "Ukienda kasi, nguvu zako karibu zote zinaliwa na upepo."

"Upepo wa huku unatoka mlimani na unamjua kila mtu," Mutegi humjibu. "Haudanganywi na bomba bapa. Miguu, Mwalimu! Miguu!"

Miaka miwili iliyopita shemeji yake Munyi alimletea fremu yenyewe kutoka ng'ambo, nyeusi, ya kaboni, nyembamba ukiitazama kwa mbele. Mabishano yakawa makali hadi chai ikawa inapoa vikombeni. Mama Kendi alichoka. "Jumapili asubuhi, Kiirua," akasema. "Bundi, beba chaki."

Tulipata mteremko mtulivu kwenye barabara ya pembeni. Sharti lilikuwa kuteremka bila kupiga pedali, na pale baiskeli itakaposimama nachora mstari. Mutegi aliteremka kwanza na baiskeli yake, ameketi wima kama askofu, koti likipepea. Akateremka tena, koti lilelile, mkao uleule, lakini juu ya fremu ya Munyi. Ilisogea hatua kumi na nane zaidi. Munyi alishangilia mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa.

"Bado," Mama Kendi akasema. Akamvua Mutegi koti, akamvika jezi ya kubana, akamkunja viwiko na kumwinamisha kichwa, kisha akamrudisha kwenye baiskeli yake kuukuu. Ilipita mstari wa fremu mpya kwa hatua arobaini. Mutegi akaanza kucheza. Munyi naye, amevaa jezi ya kubana na kuinama vilevile, akateremka na fremu yake na kuongeza hatua ishirini juu ya hizo.

Kila mmoja alirudi Meru akidai ameshinda. Mama Kendi alisema hivi tu: fremu inasaidia, lakini mzigo mkubwa unaozuiwa na upepo ni mwenye baiskeli. Tangu siku hiyo amewakunja viwiko watu wengi kuliko mnavyodhani, na wawili kati yao wamevaa jezi ya kaunti.

Mwaka jana ndipo tulipomjua kweli. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya mashindano ya Embu hadi Chuka, na Munyi alikuwa amewaahidi wanafunzi wake kwamba ataingia kumi bora. Alileta ile fremu nyeusi isafishwe. Alikuwa ameanguka kidogo karibu na Runyenjes, akasema, kidogo tu, hata rangi haikutoka. Mama Kendi alichukua sarafu na kuanza kuigonga fremu polepole, sikio limeinama. Ti, ti, ti. Chini ya kiti mlio ukabadilika: tu. Akarudia. Tu.

"Mwalimu, hii haitoki hapa."

Munyi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akapandisha sauti. "Ufa uko wapi? Nionyeshe!"

"Siwezi kukuonyesha. Naweza kukusikizisha."

Aligonga tena. Munyi alisikia, au alikataa kusikia. Akaenda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bwana Nyamu, ambaye alitoka ofisini akijifuta jasho. "Mama Kendi, mteja anasema atatia sahihi kwamba jukumu ni lake."

"Sahihi haishikilii fremu, Bosi. Kwenye njia ya mashindano kuna mteremko wa Thuci. Ikitoka, na mimi nimetoka." Akaanza kufungua kamba za aproni. Bwana Nyamu aliziangalia zile kamba, kisha akamgeukia Munyi na kumwambia, "Pole, Mwalimu. Haitoki."

Munyi aliondoka bila kuaga. Asubuhi yake Mama Kendi alimpigia simu aje aazime baiskeli ya mashindano. Alikuwa na baiskeli yake mwenyewe ya chuma, aliyoichomelea hapa karakana mwaka wa 2008, na yeye na Munyi wanalingana kimo. Munyi alikuja amenuna. Kwa alasiri nzima Mama Kendi alimsogezea kiti, akambadilishia usukani, akamkunja viwiko, na wawili hao hawakuzungumza ila "chini kidogo" na "hapo."

Kwenye mashindano Munyi alimaliza wa kumi na nne. Wanafunzi wake walimcheka wiki nzima. Fremu ilipelekwa Nairobi kwa fundi wa kaboni, ambaye alikwangua rangi na kukuta ufa umezunguka zaidi ya nusu ya bomba. Munyi alipopata habari hiyo alikuja karakana Ijumaa, mapema kabla ya wenzake, akaketi kwenye benchi bila kugusa chai. Baadaye akatoka nje na kurudi akisukuma baiskeli ya mkewe, Muthoni.

"Mama, na hii pia igonge," akasema. "Yeye ndiye anayebeba mtoto."

Mama Kendi aliingia stoo kutafuta sarafu. Sarafu ilikuwa mfukoni mwake. Alikaa humo dakika tano, nami nikajifanya nahesabu tyubu.

Mafundi saba waliopita mikononi mwake wana kazi leo, akiwemo Winrose, msimamizi wa tawi letu la Embu. Lakini kuna jambo tuligundua juzi tukipanga sherehe hii. Kwa miaka yote hiyo amezitayarisha baiskeli kwa ajili ya barabara ya Meru hadi Embu, na hajawahi kuipita kwa baiskeli hata siku moja. Kikundi huenda huko Jumamosi, siku ya wateja wengi, naye hakukosa kazini Jumamosi hata moja.

Kwa hiyo kesho, siku yake ya kwanza ya kustaafu, anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli yake ya chuma, yeye na Kendi, na kikundi kizima cha Ijumaa. Winrose atakuwa Embu na chakula. Munyi na Mutegi wamegombana tangu Jumatano kuhusu nani atatangulia kumkatia upepo. Mama Kendi amewasikiliza wote wawili, akamaliza chai yake, na kusema atakayekaa mbele ni yeye.

Asante, Mama Kendi, kwa kila nati uliyokaza na kila baiskeli uliyokataa kuitoa. Barabara iwe laini, upepo uwe mgongoni, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na mitamu.