Ta Datius, Fundi Aliyezipa Sauti Mashine Zetu za Gemu

Tarehe 28 Novemba mwaka huu Ta Datius Byabato anaweka bisibisi chini, baada ya miaka thelathini na moja ya ufundi katika kituo chetu cha vijana hapa Bukoba. Kamati ilitaka aandike mtu anayemjua vizuri. Anayemjua vizuri ni mimi mpika chai, maana chai yangu ameinywa miaka yote hiyo na kikombe hajawahi kukirudisha mwenyewe.

Alikuja kutoka Ijumbi akiwa kijana mwembamba, bisibisi ameichomeka kwenye soksi. Tangu hapo ametengeneza feni, vipaza sauti, pasi ya Mwenyekiti Najibu, na taa ya baiskeli yangu ambayo mpaka leo inawaka ikipenda. Mkewe, Ma Agnetha, ananiambia nyumbani kwao hakuna soketi hata moja nzima. Ndivyo walivyo mafundi.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni zile mashine za gemu za zamani. Waliozicheza zikiwa mpya sasa wana vipara. Mwaka huu kituo kikapata projekta. Picha ukuta mzima, ila projekta yenyewe bubu, haina spika. Adapta ya kuziunganisha inachomekwa nyuma ya mashine, inameza picha na sauti pamoja, inavipeleka kwa waya mmoja kwenye projekta. Sauti inafia humo. Mpira unapigwa, husikii kitu.

Najibu hakuzunguka. Alisema wageni wa Muleba wanakuja Jumamosi kwa mashindano, na mashine zisipolia siku hiyo zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Chai yake Ta Datius aliiacha nusu, nikajua ameumia.

Akaamua kuifungua adapta na kuitolea sauti njia yake: matundu mawili ubavuni, soketi mbili ndogo, nyekundu na nyeupe, halafu waya mpaka kwenye amplifaya. Matundu aliyatoboa kwa msumari alioupasha moto kwenye jiko langu. Chai ya siku ile ilinuka plastiki na mliinywa kimya, waoga nyie.

Kilichomponza ni tamaa. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi watamu wanaofuata taa usiku. Ijumaa jioni alifungua dirisha, akawasha taa kubwa ili aone anachochomelea, na chini ya taa akatega beseni, mkono mmoja uunge waya, mwingine ukamate kitoweo. Nilimwambia achague moja. Akanijibu, "Waitu Bi Nuriat, wewe chemsha maji." Beseni likajaa. Akafunga adapta, akaenda zake anapiga mluzi.

Kesho yake ukumbi umefurika, Muleba wamekaa mbele. Mashine ikawashwa. Spika ya kushoto ikalia vizuri, ya kulia kimya. Najibu akaitazama mashine kama mtu anayetazama mbuzi wa sherehe. Ta Datius akafungua adapta mbele ya watu wote. Ndani kalala senene mmoja mnene, mguu umenasa kwenye waya mwembamba kama unywele, kaung'oa. Mama mmoja wa Rubya akasema bila kunong'ona, "Sisi Muleba senene tunawakaanga. Nyie Bukoba mnawafungia kwenye gemu?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Ta Datius hakucheka. Akauchomelea waya upya, akafunga, akawasha. Filimbi ya refa ikatoka pande zote mbili, kali, hata wageni wakageuka kumtafuta huyo refa. Fundi wetu akakaa sakafuni, akajifuta uso kwa shati. Najibu akaomba acheze mchezo wa kwanza, akafungwa.

Basi mashine zimebaki. Kamati ikauliza nani atazitunza Ta Datius akiondoka, na kila mtu akaangalia viatu vyake. Nimezichukua mimi. Miaka yote hii alipokuwa akiungua vidole, mimi sikuwa nimelala.

Asante, Ta Datius, kwa kelele zote ulizotupa. Nenda Ijumbi ukapalilie kibanja chako cha migomba, ule, ulale, uzeeke kwa raha na Agnetha wako. Jumatatu nisikuone hapa. Ila simu usiizime, maana mashine moja imeanza kukoroma, na mimi nimeshaifungua.

Bi Nuriat, jikoni