Mwalimu Mapozi Anakabidhi Darasa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uigizaji katika ukumbi wetu, Mwalimu Mapozi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, naye akalipenda hadi akipiga simu analitumia kujitambulisha.

Mimi ni fundi taa. Shule sikuimaliza, lakini kumbi nimeziona nyingi kuliko popo, na nasema bila kupepesa macho: mwalimu kama huyu hakuna.

Kwake hupewi neno la kusema kabla hujapata kitu cha mwili. Anakutuma stendi ukatazame watu, urudi na kimoja tu: namna mtu anavyokuna sikio akidanganya, au anavyovuta suruali kabla ya kuketi. Kisha unaishi nacho wiki nzima, hadi nyumbani. Kinyozi mmoja aliyeigiza mzee wa kutetemeka mkono aliishi nacho vizuri mno. Mkewe alimkimbiza hospitali, na mashemeji wakaanza kuitolea macho redio yake.

Ila fahari yetu ni mchezo wa mwaka juzi. Binti mmoja fundi cherehani alipewa nafasi ya bibi mwenye nyumba, mkali kama pilipili, ilhali sauti ya binti ni ya kunong'ona. Meneja wa ukumbi akasema binti akiharibu onyesho la kwanza, atoke kundini. Mwalimu akamjibu kwamba siku hiyo wataaga wawili. Hakumfundisha kupaza sauti. Alimwambia tu, kabla ya kumjibu mtu, apapase funguo kiunoni, mmoja mmoja, kama anayehakikisha hakuna ulioibwa.

Siku ikafika, ukumbi umejaa pomoni. Mpangaji akapiga magoti kuomba asifukuzwe, na binti maneno yakamruka. Mimi kule juu nilishashika swichi nizime taa, tufiche aibu. Mara dole gumba likaanza kupapasa funguo, taratibu, na mpangaji akatetemeka kikweli. Binti alipoufikia ufunguo wa mwisho, neno likamjia. Akanong'ona kwamba hapana, na hapana ile ikasikika hadi mlangoni.

Meneja alipiga makofi kuliko wote. Siku hizi anadai yeye ndiye aliyemwibua.

Jumatatu binti huyo anashika darasa. Ndiyo maana Mwalimu anaondoka akicheka, na sisi tunaobaki hatuna wasiwasi.

Mwalimu wetu, ahsante sana. Nenda kapumzike na wajukuu, afya ikuandame, na vicheko visikuishie nyumbani.