Tabibu Tak Sun-im na Gauni Lililopanuliwa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Yeongcheon, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya mama yetu sote, Tabibu Tak Sun-im, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1948 katika mji huu huu, mtoto wa tatu wa muuza mizizi ya dawa, akasoma hapa hadi sekondari, kisha akajiunga na chuo cha tiba ya jadi mjini Daegu, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka uliofuata alifungua zahanati karibu na soko la dawa, akasifika kwa kutibu matumbo yaliyogoma, na tarehe 16 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Mwalimu Maeng Du-ho, mgonjwa aliyepona mapema lakini akazidi kuja na malalamiko mapya kila wiki, wakajaliwa binti mmoja, Hye-rin.

Mwaka 2004 Hye-rin, akijiandaa kwa harusi, aliacha wali na supu, akaishi kwa unga wa kupunguza uzito uliokorogwa kwa maji ya barafu, hadi tumbo likajaa gesi, mikono ikapoa, akazimia kwa fundi cherehani akijaribu gauni. Mama alifika mbio, akamkuta amezinduka, akamshika mkono kupima mapigo.

"Tumbo linapika kwa joto, mwanangu, wewe kila siku unalimwagia barafu, litasaga nini?"

"Mama, gauni halifungi!"

"Basi fundi, panua gauni."

Akampikia uji wa mchele wenye tangawizi na maganda makavu ya chenza, akamkalia mpaka bakuli likawa tupu, na siku ya harusi, tarehe 20 Novemba, bibi harusi alimaliza mabakuli mawili ya tambi mbele ya wakwe zake, mama akacheka hadi machozi. Tangu hapo wagonjwa waliokuja na makopo yao ya unga hakuwafukuza, aliwaambia waukoroge kwa maji ya uvuguvugu, wanywe taratibu, na wasiache kutafuna chakula.

Januari 2023 moyo wake ulianza kudhoofu, akalazwa Daegu, ambako alipewa chakula cha maji cha pakiti, akaomba kipashwe moto, akakinywa chote, akamnong'oneza muuguzi, "Si kibaya, ila usimwambie Hye-rin," naye Hye-rin amesimama nyuma yake. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, matabibu wenzake wa sokoni, na majirani mliochemsha supu ya nyama tangu juzi.

Mama, wagonjwa wako wamejaa hadi barabarani, na leo hakuna hata mmoja anayelalamika tumbo. Pumzika, kwa amani yote.