Watu wa Lukwizi Wanaomba Kiti Kimoja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Jimbo, sisi watu wa Lukwizi tunaoishi hapa Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, tunakusalimu na tunashukuru umefika. Viti havifanani kwa sababu tumeviazima makanisa matatu. Ukiona chako kinayumba, shika meza. Kamati imeniagiza nisome tu, nisiongeze neno. Mimi Marie-Thérèse Nkandu nimekubali, lakini wananijua.

TULIKOTOKA

Lukwizi ni mji mdogo wa kaskazini uliozaliwa na reli. Babu zetu walikuja kutandika reli hiyo, wakabaki, wakajenga nyumba za matofali, kanisa na soko la muhogo. Treni ikifika, mji mzima ulitoka kusalimia, hata asiyemjua abiria yeyote. Kisha vita vikatufikia. Bunduki zilipolia darajani, kila mtu alikimbia na alichoshika. Wengi walishika watoto. Mmoja wetu, Mungu amsamehe, alishika saa ya ukutani.

WATU WETU

Zamani tulijaza misa mbili kila Jumapili. Leo wengi tuko hapa Annexe, wengine Kasenga kwenye biashara ya samaki, wengine mtaa wa Kenya hapa mjini, wanauza makala ya kupikia. Ambao hatujui waliko hatuwataji, maana tukianza hatutamaliza.

TULIYOYAFANYA

Tumelima. Tumejenga shule ya mabati, na watoto wanatushinda Kifaransa. Tunashukuru kweli. Lakini mtoto akiulizwa kwao ni wapi, anamtazama mama yake kwanza, na mama naye anatazama pembeni. Majirani ni wazuri, ila tuko wapweke, Mheshimiwa. Hakuna anayetuuliza habari za nyumbani.

YANAYOTUUMIZA

Faustin, aliyekuwa akizipungia treni bendera pale gare, kwenye kituo cha treni, alikataa kukimbia. Alisema kuna treni moja bado haijapita, naye hawezi kuiacha. Miaka ikapita bila habari. Desturi yetu, marehemu asiyeonekana mwili huzikwa kwa nguo yake. Basi tulizika koti lake la kazi, tukalia, tukamaliza kilio, na mke wake akanyolewa kama mjane.

Mwezi uliopita Kangwa, mchuuzi anayezunguka kwa baiskeli, alirudi kutoka kule. Akatuambia:

"Bamama, ule muzee iko muzima! Iko yeye moja tu mu muji. Alinipa mayi ya kunywa, akaniuliza: bantu yangu bote bako wapi?"

Yesu wangu! Tumemlilia mtu anayepumua, na yeye kule anapika chakula cha mtu mmoja.

Halafu tukasikia redioni kwamba barabara mpya haitafika Lukwizi, kwa sababu Lukwizi haina mtu. Mheshimiwa, ina mtu. Tunakuomba radhi kwa kusema hivyo mbele ya watu.

OMBI LETU

Tulikuwa tumeandika visima, madawati na dawa. Tumefuta vyote. Kwetu, aliyeliliwa akiwa hai harudishwi kwa salamu za kutumwa. Aliyemlilia lazima aende mwenyewe, amshike mkono, ale naye sahani moja. Asipofanya hivyo, kwetu yule bado ni maiti, hata akipiga kelele.

Tumesikia msafara wako unakwenda kaskazini wiki ijayo na utapita karibu na Lukwizi. Tunaomba kiti kimoja katika gari lolote, hata kule nyuma na magunia, kwa ajili ya mjumbe wetu.

Kamati iliishia hapo. Mimi naongeza. Mjumbe ni mimi. Faustin ni mume wangu, na aliyenyolewa ni mimi. Mzigo wangu ni mdogo: unga, chumvi na samaki wakavu.

Wakati wa kurudi, Mheshimiwa, kiti hicho mpe mtu mwingine.

Mungu akufungulie njia, akulinde wewe na dereva wako, akurudishe salama kwa watu wako.

Ni sisi,
Watu wa Lukwizi: tulio Annexe, Lubumbashi, na mmoja aliye nyumbani.