Neno Lililopigwa Marufuku na Mwalimu Consolatha

Mwalimu Consolatha Rwegasira anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fasihi katika skuli yetu hapa Vitongoji, Pemba. Walimu wenzake tunampongeza. Tena, kusema kweli, tumeingiwa na kiwewe, kwa sababu wa kumpokea bado hajapangwa na Kidato cha Nne wana mtihani mwisho wa mwaka. Kwa sasa vipindi vyake nimebebeshwa mimi, Talib Kificho, mwalimu wa hesabu.

Alikuja kutoka Bukoba akiwa kijana, mgeni wa dini na wa lafudhi, na kutulia hakujui mpaka leo. Kiti chake ofisini bado kipya. Anasahihisha insha akitembea, anakunywa chai akitembea, na ikifika Ramadhani chai haionekani kabisa, kwa kutuonea haya sisi tuliofunga, ila kutembea kuko palepale. Kipemba alituomba tusimrahisishie. Siku hizi ndiye anayewatafsiria wageni kutoka Unguja.

Darasani kwake kusema kitu ni kizuri ni marufuku. Mwanafunzi akilisifu shairi hivyo, atasimama mpaka aseme kilichompendeza ni kipi: vina, mizani, taswira au ujumbe. Na akisema hadithi ni mbaya, atasimama vilevile mpaka ataje kilichoharibika, kama ni wahusika wasioaminika au mandhari isiyoonekana. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanasimama kutwa nzima. Baadaye tukawasikia wazazi haohao wakiulizana harusini dhamira ya hotuba ilikuwa nini.

Halafu kuna ile tamthilia ya siku ya wazazi. Mwanafunzi wetu Vuai aliigiza jirani mwenye husuda, akapanda jukwaani na panga kwenda kuukata mkarafuu wa mjane. Mkarafuu wenyewe ulikuwa tawi lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Bi Bimkubwa, aliyelelewa kwa karafuu na akalea wanawe kwa karafuu, hakustahamili. Aliinuka kwenye viti vya wazazi, akapanda jukwaani, akamnyang'anya Vuai panga, akalikumbatia lile tawi na kumwambia kwamba mkarafuu haukatwi, na mama yake ataambiwa leo hii. Sisi tulikimbilia kumshusha. Mwalimu Consolatha akatuzuia, na mchezo ukaishia hapo kwa makofi. Kesho yake aliingia darasani na swali moja tu: Bi Bimkubwa alikuwa hadhira au mhusika? Wanafunzi walibishana mpaka kengele ya kurudi nyumbani, wakaendelea njiani.

Wiki iliyopita nilijaribu kipindi changu cha kwanza. Suhaila alisoma shairi lake juu ya bibi yake anayeanika karafuu. Nilikuwa nimekaa. Nikamwambia ni zuri sana. Suhaila, kwa adabu zote, akanikumbusha kwamba sasa napaswa kusimama. Nikasimama. Mwishowe nikasema kwamba ile mikono ya bibi, inayonukia karafuu hata akiinyanyua kuomba dua, imenikumbusha marehemu mama yangu. Suhaila akanieleza kwamba hiyo inaitwa taswira, akaniruhusu nikae. Wasiwasi wangu haujaisha, lakini nilitoka mle ndani nimepata moyo. Mwalimu anaondoka, na maneno yake yamebaki kwa watoto.

Ahsante, Mwalimu Consolatha, kwa kutufundisha kusema tunachokiona. Jumamosi unapanda meli kurejea kwa dada yako Bukoba, Mungu akufikishe salama. Desturi inanitaka nimalizie kwa kukutakia maisha mema, ila najua utauliza mema vipi. Nimejaribu: yenye afya, yenye wageni, yenye njia ndefu za kutembea. Hakuna linalotosha. Kwa hiyo siku ya hafla ya kukuaga utatukuta walimu wote tumesimama. Usituambie tukae. Neno bado hatujalipata.