Dawa ya Maji na Nywele za Harbans

Nilikuwa kiti cha nyuma yao, basi likitoka Thika. Kulwant, seremala wa Kisingasinga, alikuwa na binti yake Harbans. Jirani yao wa kiti alikuwa Dismas, aliyenuka dawa ya bwawa la kuogelea hata kwa sisi wa nyuma.

"Wewe ndio unatia dawa kwa maji ya klabu yetu?" Kulwant akamuuliza.

"Ni mimi, bwana."

Kulwant akapitisha vidole kwenye msuko wa binti yake. Nywele kadhaa zikakatikia mkononi, kavu kama majani ya mahindi.

"Tangu azaliwe hatujakata hata moja. Ni dini yetu. Sasa dawa yako inakata. Punguza."

"Sipunguzi. Mahali nilikuwa kwanza walipunguza, watoto wakahara. Mmoja tulimzika."

Nikajifanya nashughulikia kuku wangu kikapuni, ingawa alikuwa amelala.

Dismas akashusha sauti. "Kabla ya kuingia, aloweshe nywele na maji ya bomba. Zikishiba, hazinywi dawa sana. Apake mafuta ya nazi, avae kofia ya mpira. Akitoka, aoshe hapo hapo."

"Mama yake anasema aache kuogelea. Hiyo ni rahisi zaidi."

"Rahisi kwa nani, bwana?"

"Wewe uko na binti?"

"Niko naye. Yeye hakubaliwi kuingia huko klabuni."

Basi liliposimama Ruiru, Kulwant akainuka, akamshika binti yake mkono. Harbans hakuinuka mara moja.

"Binti yako anaitwa nani?" Harbans akamuuliza Dismas.

"Awiti."